TAHARIRI: TUMJUE ADUI KABLA YA KUMWAGA SUMU



Katika mkutano wa Jumamosi iliyopita lilitolewa pendekezo kwamba bwawa la bustani yetu limwagiwe ile dawa ya kunyunyizia mboga, wadudu wote wafe, kwa sababu homa imezidi kijijini. Uamuzi utatolewa Jumamosi ijayo. Sisi wa gazeti hili tunauelewa uchungu wa waliolitoa, kwani nyumba isiyouguza mtoto masika hii ni ya kuhesabika. Hata hivyo tunalipinga, na sababu zetu ni hizi.

Tulikwenda bwawani asubuhi tatu mfululizo na bakuli jeupe, tukachota maji na kutazama. Kumbe wadudu wa bwawa si kabila moja!

Kwanza, kereng'ende. Wako wanene, ambao wakitua huacha mabawa yametandazwa kama ya ndege ya abiria. Wako wembamba kama kijiti, ambao wengi wao huyakunja mgongoni. Watoto wetu huwarushia mawe wakidhani wanauma kama nyigu. Jamani, kereng'ende hana mwiba. Kazi yake ni kukamata mbu na nzi hewani.

Pili, mtoto wa kereng'ende. Huyu wengi hatumjui, maana hafanani na mzazi wake. Anaishi ndani ya maji, ana rangi ya tope na miguu sita. Mdomo wake wa chini huufyatua mbele kama mkono, akanasa viluwiluwi vya mbu. Akikomaa hupanda juu ya unyasi, ngozi ikapasuka mgongoni, akatoka kereng'ende kamili. Yale maganda makavu yanayoshika kwenye mafunjo ndiyo nguo yake ya zamani.

Tatu, yule mdudu anayeogelea chali, mwenye miguu mirefu kama makasia. Naye hula viluwiluwi. Msimshike kwa mkono mtupu, anachoma.

Nne, viluwiluwi vyenyewe. Cha Anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Cha mbu wale wengine wa majumbani huning'inia kichwa chini. Katikati ya bwawa hatukupata hata kimoja. Tulivipata pembeni penye nyasi nzito, na vingi zaidi katika mashimo ya matofali. Mashimo hayo tuliyachimba wenyewe mwaka jana na hatukuyafukia. Nasi waandishi tulikuwapo na majembe yetu.

Sasa sikilizeni. Siku za joto, mbu hutoka kwenye yai mpaka kuruka kwa wiki moja au mbili tu. Mtoto wa kereng'ende huhitaji wiki nyingi, na wa aina nyingine miezi. Ndiyo maana shimo la matofali lina mbu na halina kereng'ende. Tukimwaga sumu bwawani tutaua wote, lakini atakayerudi kwanza ni mbu, naye atakuta nyumba haina mlinzi. Bwawa zima tutakuwa tumeligeuza shimo la matofali.

Na perege wetu je? Na mchicha tunaoumwagilia maji hayohayo? Tukumbuke endosulfani, dawa iliyotumika sana kwenye pamba. Ilikuwa kali mno kwa samaki, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya dawa za kukomeshwa duniani.

Hatusemi kereng'ende atamaliza malaria. Hakuna kereng'ende anayeingia chumbani saa sita usiku kumlinda mtoto. Chandarua ni lazima, na mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe.

Tunapendekeza hivi: mashimo ya matofali yafukiwe yote. Nyasi za pembeni mwa bwawa zifyekwe, ila mafunjo machache yaachwe upande mmoja, kereng'ende wapate pa kupandia. Perege waongezwe. Makopo na vifuu vinavyotuama maji nyumbani vikusanywe na kufukiwa.

Basi Jumamosi tuje na majembe, tusije na bomba la dawa. Mwenye shaka, bakuli liko kwa mtunza ghala. Aende akachote, ajionee mwenyewe kabla ya kunyoosha mkono.

Kamati ya Gazeti la Ukutani