Hesabu za Safari Ziwe Mikononi Mwetu

Mji wa Bagamoyo umekwisha kuponzwa na hesabu za wengine. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao Dar es Salaam, na mwaka 1905 Reli ya Kati ikaanza kujengwa kutoka huko. Hata reli ya kuunganisha Ruvu na Mruazi, iliyofunguliwa mwaka 1963, ilipita bara, mbali na mji ule.

Leo treni za umeme zinakwenda Morogoro na Dodoma tangu mwaka 2024, na mpango wa mabasi yaendayo haraka unaifikia Tegeta. Kutoka hapo, kupitia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo, nani atasafiri, saa ngapi, na kwa nauli ipi?

Shirika la Reli la Uswisi, SBB, hujibu maswali ya namna hiyo kwa programu ya kompyuta iitwayo MATSim, iliyotokana na kazi ya vyuo vikuu vya Zürich na Berlin. Ndani yake huwekwa wakazi wa kubuni, kila mmoja na shughuli zake za kutwa: kazini, shuleni, sokoni. Siku hiyo moja hurudiwa mara nyingi. Aliyechelewa hubadili saa, njia au chombo, mpaka pasiwe na nafuu zaidi ya kutafuta. Ndipo wapangaji huongeza treni au kuondoa kituo, wakaona nani amefaidika na nani ameachwa. Tena programu hiyo ni huria: yeyote aweza kuichukua bila malipo, kuikagua na kuirekebisha.

Hilo la kukagua ndilo kubwa kwetu. Kabrasha la mshauri wa kigeni likija na jumla ya abiria tu, bila kuonyesha ilivyopatikana, mtumishi wa serikali atalibishia kwa lipi?

Wapo watakaosema hatuna takwimu. Ni kweli daladala hazina ratiba, na bodaboda hazihesabiki kwa urahisi. Lakini Sensa ya mwaka 2022 ipo, na tangu mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Ardhi wamechora mitaa ya jiji katika mradi wa Ramani Huria. Kazi iliyobaki, nayo si ndogo, ni kuwauliza wasafiri wenyewe. Mchuuzi wa samaki atokaye Bagamoyo alfajiri na ndoo yake hayumo katika vielelezo vya Ulaya. Asipoingizwa, kompyuta itamwekea kituo mahali asipopita.

Tunalitaka Shirika la Reli livikabidhi vyuo vyetu takwimu za abiria wake, na vyuo vianzie majaribio mwambao huu, kabla mstari wowote haujachorwa. Na watendaji na walimu wa Kerege na Mapinga, madodoso yatakapowafikia, wasiyajaze kwa kukisia mezani.