Kabla Hujanyoosha Mkono Mkutanoni

Wanachama wa sacco, msimu wa mikutano mikuu umewadia. Kabla ya Aprili kwisha mtaombwa kunyoosha mikono mpitishe hesabu za mwaka. Nawasihi msipitishe msichokisoma.

Mnaikumbuka KUSCCO, muungano wa sacco za Kenya. Ukaguzi wa kampuni ya PwC uliowekwa wazi Februari 2025 ulifichua hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 13. Hesabu zilipikwa miaka na miaka, nyingine zikiwa na sahihi ya mkaguzi aliyekwisha kufariki. Sahihi ya marehemu, na bado zikapita! Pesa hizo zilikuwa akiba za walimu, wakulima na wafanyakazi, zilizopelekwa huko na bodi za sacco zao wenyewe.

Hatari hiyo haijaisha. Sacco iliyoweka pesa kule inapaswa kuonyesha hasara vitabuni mwake, na hasara ikionyeshwa gawio hupungua. Mwenyekiti anayetaka kuchaguliwa tena hapendi kutangaza gawio dogo. Basi hushawishika kuisogeza hasara hadi mwaka ujao, kukopa benki ili alipe gawio, au kumkopesha upya mdaiwa aliyeshindwa kulipa ili mkopo mbovu uonekane mzima. Nasi tunawachochea, maana anayetaja asilimia kubwa tunampigia makofi, anayesema ukweli tunamzomea.

Mlangoni utapewa kijitabu cha hesabu, soda na pesa ya nauli. Picha za wakurugenzi zipite, ufungue kurasa za nyuma zenye maelezo ya hesabu. Humo ndimo imeandikwa pesa zenu zimewekwa wapi, wakurugenzi na wafanyakazi wanadaiwa kiasi gani, na mikopo mingapi hailipwi. Kisha tazama ukurasa wa mapato na matumizi ya pesa taslimu. Faida ikiwa imenona huku pesa zinazoingia ni mkopo wa benki, simama uulize gawio linatoka wapi. Ukiambiwa "njoo ofisini tutakueleza", kataa. Dai swali lako na jibu lake viandikwe katika kumbukumbu za mkutano, hapo hapo, wenzako wakisikia.

Wala usijipe moyo kwamba kuna atakayekufidia. Mwenye akaunti benki amekingwa hadi shilingi 500,000. Mfuko wa kulinda amana za sacco ulitajwa katika Sheria ya Sacco ya mwaka 2008, lakini KUSCCO ilipoporomoka ulikuwa bado haujaanza kazi.

Bodi ikigoma kujibu, iandikieni SASRA, mamlaka inayosimamia sacco, kabla gawio halijalipwa, kwa sababu likishagawanywa halirudi. Na Sheria ya Vyama vya Ushirika inawapa nguvu nyingine: theluthi moja ya wanachama waliohudhuria na kupiga kura katika mkutano ulioitishwa ipasavyo wanaweza kumwomba Kamishna wa Ushirika aichunguze sacco yao. Zungumzeni na wenzenu wiki hii, muingie ukumbini mkijua idadi yenu.