Akili Mnemba na Wazee wa Vihambani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi nitoe rai juu ya desturi inayoenea huku Kilema, ambako wazazi wengi wamebaki vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, pamoja na wajukuu: kadi ya kliniki ya bibi hupigwa picha kwa simu, ikapelekwa kwenye programu ya akili mnemba, na jibu likafuatwa kama agizo la tabibu. Sikatai chombo hicho, kwani kumsomea mzee mwenye mtoto wa jicho maandishi madogo ya pakiti ya dawa, au kumkumbusha saa ya kidonge cha presha, ni msaada usio haba. Walakini bibi hueleza maumivu yake kwa Kichaga, mjukuu akayafasiri ajuavyo, na programu, isiyomwona wala kumgusa, hujibu kwa yakini kubwa. Dozi haibadilishwi ila kwa kauli ya daktari. Kadhalika, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti; je, bibi aliombwa ridhaa? Ningependa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao ndio waingiao majumbani, wafunzwe mipaka ya programu hizo na suala la ridhaa.

Wako,
Msomaji, Kilema, Moshi