Kabla Hujapiga Windows Upya
Mpelekee fundi kompyuta ya zamani inayozima kila ikitaka kuwaka, na jibu lake utalijua kabla hujakaa: apige Windows upya, picha za harusi ziende na maji. Mimi hapo nagoma. Mashine ya Windows 7 iliyokuwa nzima jana na leo inaishia kwenye skrini ya bluu, mara nyingi imeingiziwa kitu: antivairasi ya pili juu ya ya kwanza, draiva ya printa, au RAM isiyoelewana na mwenzake. Bonyeza F8 mara tu inapowaka, uingie Safe Mode, ambako hupakiwa draiva za lazima tu. Ikitulia humo, ondoa kilichoingia mwisho. Ikianguka hata humo, chomoa umeme, fungua boksi, bakiza RAM moja, ujaribu tena. Na wala usidhani mgomvi huwa kifaa kibovu siku zote: Windows 95 iligoma mara kwa mara kwenye prosesa za AMD K6-2 za megahezi 350 na zaidi kwa sababu zilimaliza upesi mno kitanzi cha kupimia muda, hesabu ikaishia kugawanya kwa sifuri. Prosesa ilikuwa salama. Microsoft ndiyo iliyotoa kiraka.