Kabla hujashika kiti changu, niulize

Ushawahi kushikwa mabega na mtu usiyemjua, ukavushwa barabara bila hata kuulizwa unaenda wapi? Mimi hilo hunipata karibu kila wiki hapa Nairobi.

Ijumaa iliyopita ilikuwa Moi Avenue, saa kumi na moja jioni, kila mtu akikimbilia matatu. Nilikuwa nimesimama kwenye kivuko nikingoja magari yapungue. Jamaa akatokea nyuma, akasema, "Twende buda," akashika kiti changu na kusukuma. Hakikusonga. Akadhani kimekwama, akasukuma kwa nguvu zote huku akikiinua. Nilishtuka, mkono ukateleza kwenye kijiti cha kuendeshea, kiti kikapinda kushoto na gurudumu la mbele likatumbukia mtaroni. Yeye alisema pole, akapotea kwenye umati. Mimi nikabaki pale nimeinama upande mmoja, watu wanne wakibishana watanitoa vipi.

Simlaumu sana. Nani aliwahi kumfunza? Basi ngoja nikueleze wewe, maana kesho tutakutana.

Kiti changu kinatumia betri. Nikisukuma kijiti mbele kinaenda, nikikiachilia breki zinashika zenyewe. Ndiyo maana yule jamaa alisukuma bure. Kuna vifimbo viwili karibu na magurudumu ya nyuma. Ukivigeuza, mota inaachana na magurudumu na kiti kinasukumika kama mkokoteni. Lakini hapo zile breki nazo zimeenda. Mtu akikufanyia hivyo kwenye mteremko halafu simu yake ilie, utajua hujui. Tena kiti chenyewe, kabla sijakikalia, kinakaribia kilo 60. Usikinyanyue kwa kushika pale ninapowekea mikono, kwa sababu hapo panachomoka. Shika fremu, nami nitakuonyesha ni wapi. Na ukiniuliza nikakuambia niko sawa, amini tu, usiniulize mara tatu.

Sasa, nisijifanye malaika. Siku ile nilikosa pia: nilisimama katikati ya watu bila kuzima kiti. Kikiwa kimewaka, mkoba wa mpita njia au mkono wa sweta yako mwenyewe ukigusa kijiti, kinachomoka. Kuna wenzangu nao, hasa sisi vijana, ambao wakishapata kiti cha betri wanakiendesha kama nganya ya Rongai. Kiti cha kawaida kinaweza kwenda kilomita sita au zaidi kwa saa. Hiyo ni kasi ya mtu anayetembea upesi, lakini huyo mtu hana chuma cha kukuvunja kifundo cha mguu. Kwenye umati mimi hupunguza mpaka kasi ya mama aliyebeba mtoto. Rampu huipanda moja kwa moja, si kwa mshazari, na begi zito silining'inizi nyuma, kwa sababu ukianza kupanda linakuvuta chali. Mvua ikinyesha, mfuko wa plastiki juu ya kijiti. Giza likiingia, taa ya baiskeli mbele na nyingine nyuma, maana nikiwa nimeketi kichwa changu kinafika kifuani mwako tu. Dereva wa lori anayerudi kinyumenyume hawezi kuniona kwenye kioo. Kwa hivyo mimi ndiye humngoja, hata kama haki ni yangu.

Hayo yote nayafanya. Halafu nafika kwenye kijia cha wanaotembea kwa miguu na nakuta kimejaa bodaboda.

Hapa ndipo nakasirika. Ukikuta pikipiki imeegeshwa njiani, wewe unaizunguka kwa hatua mbili na kusahau. Mimi siwezi kushuka ukingo wa barabara. Lazima nirudi nyuma hadi pale palipo na rampu, niingie barabarani na matatu, nielekee yanakotoka magari ili angalau nione kinachokuja, kisha niombe Mungu rampu ya upande wa pili isiwe na gari la mtu aliyesema "dakika mbili tu". Watu wakiniona huko barabarani wananipigia kelele kwamba nataka kufa. Eti natafuta kifo! Ungenionea huruma kidogo tu ungeniachia ile mita moja.

Na usiniambie nipande matatu. Kiti hiki hakikunjiki, mlango wenyewe una ngazi, na makanga anayekubali kukipakia kwanza anataka nauli ya mzigo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia mahali pote na kutumia uchukuzi wa umma ipasavyo. Nimeshakitaja kwenye steji. Walicheka.

Kwa hivyo safari zangu nyingi ni hizi fupi za kijiani, na usalama wangu huko uko mikononi mwako kuliko unavyofikiria. Gari lako usiliegeshe kwenye rampu, hata ukiwa ndani yake. Ukitembea, inua macho kutoka kwa simu. Ukitaka kunisaidia, njoo mbele nikuone, sema, kisha ungoje jibu.

Karibu na kwetu kuna jamaa wa boda ambaye tuligombana mwezi mzima kuhusu kijia hicho. Siku hizi akisikia honi yangu anasogeza pikipiki kabla sijafika. Jana niligeuka kumshukuru, nikamkuta anairudisha palepale.