Gari la mamilioni, kamba ya kufungia mbuzi

Nimepotea hapa kwa muda, mnisamehe. Kuna jambo limenikaa kooni tangu masika ya 2024, na kila nikikaa kuliandika najikuta naandika jingine. Leo nalitema.

Najua wengi wenu mko mjini na tope mnalolijua ni la Jangwani mvua ikizidi. Lakini nusu yenu mnafanya kazi kwenye miradi, mashirika, wizara, utafiti, au uandishi kama mimi. Ipo siku mtapandishwa kwenye mkonga mweupe wenye nembo ubavuni mpelekwe "field". Siku hiyo mkumbuke haya.

Ilikuwa Aprili ya mwaka huo, wakati Rufiji yote ilipokuwa chini ya maji na magazeti hayana habari nyingine. Sisi tulikuwa bonde la Kilombero, mbele ya Ifakara, tumebebwa na taasisi moja ambayo siitaji. Wanaojua udongo wa mbuga, ule mweusi, wanajua tabia yake: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, masika unavimba na kushika kama ugali wa moto. Dereva wetu, mzee wa heshima zake, alijaribu kupita pembeni ya dimbwi. Magurudumu ya nyuma yakazama. Akakanyaga mafuta. Yakazama zaidi. Akakanyaga tena. Dakika tano baadaye gari lilikuwa limelalia tumbo.

Wakaja vijana wa kijijini, na majembe. Mnajua bei: unakubaliana elfu ishirini kwa kundi zima, bosi anajidai amepunjwa. Wakachimba karibu saa nzima. Ikapita pikapu ya mfanyabiashara wa mpunga, ikasimamishwa. Ndipo tulipofungua buti la gari letu la mamilioni kutafuta kamba. Hivi mnajua tulikuta nini? Katoni mbili za maji ya kunywa, bango la mradi, fulana za mradi, na kipande cha kamba ya kufungia mbuzi.

Mwenye pikapu akatoa waya wake wa chuma, umechakaa, nyuzi zimesimama kama miiba. Upande mmoja ukafungwa kwake. Upande wetu ukazungushwa kwenye kile kichwa cha chuma cha kuvutia tela. Pikapu ikavuta, gari halikutingishika. Mtu akapiga kelele, "Rudi nyuma uchukue mwendo!" Sote tukacheka na kushangilia. Mimi nilikuwa na kamera. Nikamwambia dogo mmoja, umri wake miaka tisa au kumi hivi, asogee karibu na waya ili aingie kwenye picha. Naomba msome tena sentensi hiyo. Nilimwambia asogee.

Pikapu ikaja na mwendo. Kile kichwa cha chuma kikakatika, kikaruka na kutoboa mlango wa nyuma wa pikapu kama kopo la maziwa. Waya ukachapa pembeni. Kijana aliyekuwa amesimama katikati akimwongoza dereva kwa mikono, yule yule aliyechimba kuliko wote, ukampiga chini ya goti. Mlio wa ule mfupa sitausimulia. Dogo wangu wa picha alikuwa hatua mbili kutoka kwake.

Kijana akapakiwa kwenye bodaboda, katikati ya watu wawili, mguu unaning'inia. Bosi akatoa elfu hamsini "ya dawa". Ripoti ya safari niliiona baadaye. Chini ya kichwa cha habari "Changamoto" iliandikwa: ubovu wa barabara. Basi. Na mimi mwandishi wenu, mtetezi wa wanyonge, niliandika makala ndefu kuhusu barabara hiyo hiyo, mguu wa yule kijana sikuutaja hata kwa mstari mmoja. Niliona haiendani na mada. Aibu hiyo ni yangu, naibeba.

Sasa tuseme ukweli. Siku ile kila mtu alisema "bahati mbaya". Bahati mbaya gani? Kile kichwa cha kuvutia tela kimetengenezwa kubeba uzito wa tela na kulivuta taratibu barabarani. Hakikutengenezwa kupokea mshtuko wa gari lililozama. Nchi nyingine watu wameshauawa na kichwa hicho hicho, kikipita kwenye kioo kama kombora, na wanaofundisha kazi ya kunasua magari wanalikataza jambo hilo somo la kwanza kabisa. Waya na mnyororo navyo havivutiki kama mpira, kwa hiyo kuvichapa kwa mwendo ni kuomba kitu kikatike. Swali linabaki moja tu: kitakatika nini, na nani atakuwa amesimama hapo?

Hesabu yake ni ya kidato cha tatu. Pikapu ya kilo 2,500 ikienda kilomita 10 tu kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, inabeba nguvu sawa na mfuko wa simenti wa kilo 50 ulioangushwa kutoka karibu mita 20 juu, yaani kama ghorofa ya sita. Ongeza mwendo ufike 20, nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Sasa fikiria nguvu hiyo yote imewekwa kwenye waya uliooza, na watoto wamejipanga pembeni kama wako kwenye harusi.

Najua majibu mtakayonipa, nimeshayasikia.

La kwanza: "Dereva wetu ana uzoefu wa miaka ishirini." Uzoefu wa nini? Wa kuendesha. Kuendesha na kunasua ni kazi mbili. Mzee wetu alikuwa dereva mzuri mno, lakini hakuna aliyewahi kumpeleka hata siku moja kujifunza kunasua. Tulipokwama hakukumbuka hata kushuka na kufunga vile vifungio vya kwenye vitovu vya magurudumu ya mbele, ambavyo mikonga mingi inavyo na bila kuvifunga hata ukiweka fowili magurudumu ya mbele hayapati nguvu ya injini. Simlaumu. Nawalaumu wanaompeleka semina ya maadili kila mwaka na kwenye tope hawampeleki hata mara moja.

La pili: "Vifaa ni ghali." Jamani! Gari limenunuliwa kwa mamilioni yasiyotajika mbele ya mlipa kodi, halafu kamba ya maana, chepe, mbao mbili na kipima upepo ndivyo vinavyofilisi bajeti? Bajeti ya maji ya chupa na fulana ilitoka wapi?

La tatu, na hili ndilo linaloniuma: "Wanakijiji wanajitolea, ndio utu wetu." Kweli, ni utu wao. Wetu uko wapi? Tangu mbio za magari za Safari zilipoanza 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, picha tunayoipenda ni ile ya wananchi wakisukuma gari kutoka kwenye tope huku wakicheka. Mwaka 1991 mashindano ya Camel Trophy yalipita Tanzania na Burundi, watu wakatoka ng'ambo kuja kuzama kwenye matope yetu kwa raha zao. Lakini wale walikuja na winchi mbele ya gari na mafunzo ya kutosha. Sisi tumechukua picha, tukaacha winchi. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003. Hivi tope la Kilombero si mahali pa kazi? Au aliyeshika jembe kwa elfu mbili yake si mfanyakazi?

Na la nne: "Jengeni barabara, tatizo litaisha." Zijengwe, nani kakataa? Lakini mpaka lami ifike kila kitongoji masika yatapita mengi, na mguu hausubiri mkandarasi.

Kinachohitajika si sayansi ya roketi. Nimeuliza wanaoijua kazi hii, nimesoma, nimeona kwa macho. Kwanza acha mafuta. Gurudumu likizunguka bure kwa sekunde mbili tatu, simama, kwa sababu kila mzunguko ni jembe linalochimba kaburi lako. Shuka, angalia tumbo limelalia wapi. Chimba mbele ya magurudumu na chini ya tumbo, maana tope la mbuga linanyonya gari, na hewa ikishapita chini yake umemaliza nusu ya kazi. Punguza upepo: tairi lenye 35 likishushwa hadi kama 20 linatandaa na kushika, ila ukitoka uende polepole mpaka uujaze tena. Tandika mbao, matawi au mawe chini ya tairi. Weka fowili, gia nzito, ondoka taratibu. Mara nyingi gari linatoka hapo hapo, bila kamba na bila shujaa.

Likikataa, ndipo uvute. Funga kwenye sehemu iliyotengenezwa kuvutia, ile iliyoungwa kwenye chesisi. Usifunge kwenye bampa wala kwenye kichwa cha tela, na kipete alichochomelea fundi wa mtaani kikwepe. Kamba isiyovutika inavutwa polepole, baada ya kukazwa kwanza. Anayetaka kuvuta kwa mwendo lazima awe na kamba maalum inayotanuka, na hata hiyo haitaki papara. Usiunge kamba kwa fundo, fundo linaweza kula karibu nusu ya nguvu yake. Tupia kitu kizito katikati ya kamba, blanketi lililolowa au gunia, likatike lisiruke mbali. Ila gunia si hirizi, usimwache mtu pale ukasema nimeweka gunia.

Na hili ndilo la bure kabisa, halihitaji bajeti wala mfadhili: ondoa watu. Abiria wote washuke, wakae mbali angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba. Kamba ya mita 10, watu mita 15, pande zote. Asiwepo anayeruka kamba iliyokazwa, wala anayesimama kati ya magari mawili, wala anayesukuma nyuma ya gari linalovutwa mbele, kwa sababu kamba ikikatika litarudi juu yake. Anayeongoza awe mmoja, aonekane na madereva wote wawili, akiwa nje ya mstari. Watoto warudi nyuma kwanza, kabla injini haijawashwa. Siku ile sentensi moja ya "rudini nyuma" ingetosha. Kulikuwa na wasomi wanne pale, tuna shahada sita kwa jumla, na hakuna aliyeitamka.

Basi natangaza msimamo wangu, anayetaka kuniita mwenye maringo aniite. Mimi sipandi tena gari la safari ya masika kabla sijafungua buti. Sikuti kamba ya maana na chepe, sipandi. Tukikwama, kamera inakaa kwenye begi na mimi nakuwa mtu wa kuondoa watoto. Na anayeumia kwa ajili ya gari letu jina lake litaingia kwenye ripoti, na matibabu yake yatalipwa mpaka atembee, siyo elfu hamsini na pole. Wewe uliye mhasibu, afisa miradi, mwandishi, hebu uliza swali hilo hilo Jumatatu ofisini kwako: ndani ya buti la mkonga wetu kuna nini? Uliza mbele ya bosi.

Yule kijana nilimtafuta mwaka uliofuata. Anatembea, ila mguu umepinda na shamba la mpunga amemwachia mdogo wake. Alinipokea vizuri, akanitafutia kiti. Halafu akaniuliza kama ile picha ninayo bado.

Ninayo. Sijaitoa popote, na sitaitoa. Kwenye ile picha dogo anacheka, na waya umekazwa hatua moja kutoka magotini kwake.