Paa kwanza, rangi baadaye



Ndugu wasomaji, kila Idi inapokaribia mitaa yetu ya Nyakabanda hunukia rangi mpya. Ni jambo jema. Lakini nina nasaha, nami naanzia nyumbani kwangu ili mtu asidhani namsema yeye.

Nyumba yetu aliijenga marehemu baba kwa rukarakara, yaani matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Mwaka mmoja tulipopata fedha kidogo, kila ndugu akapaka rangi chumba chake, tukaweka na geti jipya. Paa tukaliacha. Chumba ni cha mtu, paa ni la warithi wote, kwa hiyo kila mmoja akamsubiri mwenzake. Mvua za itumba zilipokolea, mama akawa anahamisha kitanda kutoka pembe hadi pembe. Plasta ikabanduka pamoja na rangi yake. Fundi alipochoma ukuta kwa bisibisi, ilizama kama kisu kwenye ugali. Tukalipia paa, tukalipia ukuta, kisha tukanunua rangi upya.

Udongo mkavu hubeba nyumba miaka mingi. Ukilowa, nguvu zake huondoka. Ndiyo maana nasema mwenye nyumba ya zamani asianze na chochote kabla ya paa. Na kazi yenyewe ina utaratibu wake:

1. Kagua wakati wa mvua, tengeneza wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha, ingia darini na tochi, utie alama ya mkaa panapovuja. Maji hutembea juu ya mbao kabla ya kudondoka, hivyo tundu mara nyingi liko juu zaidi kuliko doa unaloliona. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo ya kupanda juu.

2. Mbao kabla ya bati. Zilizoliwa na mchwa au kuoza zitolewe. Bati jipya juu ya mbao mbovu ni fedha iliyotupwa.

3. Uliza geji. Namba ikipanda, unene unapungua: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Msumari wenye mpira upigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni yanakopita maji.

4. Ukikuta paa la asbesto, usilivunje wala kulikwangua. Vumbi lake huleta saratani. Serikali imekuwa ikiendesha zoezi la kuliondoa, basi pitia ofisi ya sekta kwanza. Hapo hapo uulize na habari ya kibali.

Sasa nije kwenye jambo tunalolisahau zaidi. Paa haliishii kwenye bati, linaishia pale maji yanapokwenda. Wanafunzi, chukueni kalamu. Paa la mita 8 kwa 10 lina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 30 ikilinyeshea, kila mita ya mraba inapokea lita 30. Jumla ni lita 2,400, yaani majerekani 120 ya lita 20, katika jioni moja!

Nyakabanda ni mteremko. Majerekani hayo yasipopokelewa na mfereji wa bati na tangi, au kuongozwa hadi kwenye ruhurura, yanashukia msingi wa jirani wa chini, ambaye naye nyumba yake huenda ni ya udongo. Tunajua maji yanaweza kufanya nini. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 katika nchi yetu, hasa Magharibi na Kaskazini, na maelfu ya nyumba zikabomoka. Mifereji yetu isingezuia janga kama lile, lakini ukuta wa jirani unaolowa kwa maji ya paa letu ni juu yetu. Haki ya jirani haipimwi kwa sahani ya pilau ya Idi peke yake.

Kwenu mliorithi nyumba: msingoje mirathi igawanywe ndipo paa litengenezwe. Kaeni pamoja, kila mmoja achange awezavyo, na kila faranga iandikwe mbele ya mashahidi. Siku ya kugawana, daftari litasema. Asiye na fedha abebe mbao au asimamie mafundi. Hakuna udhuru wa mama kulala chini ya beseni huku watoto wake wakibishana fungu la nani ni lipi.

Rangi nayo ina siku yake. Ikipakwa juu ya ukuta mkavu itadumu, na mgeni wa Idi ataiona vizuri zaidi.

Wabillahi tawfiq.